Betri ya pili nayo imekufa: kabla hujanunua alteneta

*Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2005, niko Tanga. Mwezi uliopita nilifunga redio ya Android, ampilifaya na sabufa, taa za LED mbele na nyuma, na alamu yenye kata moto. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Sasa nikiliacha gari Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi betri haina kitu, na hii ni betri ya pili, mpya kabisa. Spika zinalia nyiii, nikikanyaga mafuta sauti inapanda. Mchana nikikanyaga breki skrini ya redio inafifia. Na mara mbili gari limezima lenyewe nikiwa safarini, nikasubiri kama dakika kumi likawaka. Fundi alichomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma, gari likazima, akasema alteneta imekufa. Fundi wa pili anasema kontroli boksi. Ninunue kipi kwanza?*

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue chochote. Hela ya alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiunguruma, ibaki mfukoni, na huyo wa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, mwambie ahsante. Gari lilikuwa zima hadi mwezi uliopita. Kilichobadilika ni nyaya zilizoongezwa, kwa hiyo tunaanzia pale mkono wa mtu ulipopita mwisho.

Ulichoniandikia si ugonjwa mmoja. Ni mitatu, pengine minne, iliyoingia siku moja kwa mlango mmoja. Ukiitibu kama mmoja utabadilisha vifaa hadi uuze gari. Mimi nikipokea gari la namna hii sishiki spana kwanza, nauliza: kifaa hiki kinachukua moto (umeme wa chanya ya betri) wapi, kinarudisha athi (njia ya kurudi kwenye hasi) wapi, na fyuzi yake iko wapi? Rudi kwa aliyekufungia umuulize hivyo hivyo, kwa kila kifaa, akuonyeshe kwa kidole. Atakaposema "hapo ndani ndani tu", hapo ndipo pa kufungua.

Sasa, umeweka kuzima njiani mwisho kabisa wa orodha yako. Kwangu ndiko kwa kwanza. Betri ikiisha Jumatatu utachelewa kazini. Gari likizima mbele ya lori kati ya Muheza na Segera hatutakuwa na cha kujadili.

Kata moto ya alamu ni rilei ndogo nyeusi ya miguu mitano, imeandikwa 30, 85, 86, 87 na 87a. Fundi hukata waya mmoja wa gari na kuupitisha kwenye rilei hiyo, anaingilia 30 na kutokea 87a. Mguu wa 87a hushikana muda wote rilei ikiwa imetulia. Alamu ikiamuru, rilei inavuta, mguu unaachia, moto unakatika na mwizi anabaki na usukani. Wazo lenyewe halina ubaya. Ila kuanzia siku hiyo waya ule unaishi kwa hisani ya rilei ya bei poa na maungio mawili, ambayo mara nyingi yamesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Kwa joto lenu la Tanga gundi ya tepu inageuka asali. Ungio linalegea, linapata moto, linaachia. Gari linazima. Baada ya dakika kumi limepoa, limeshika tena, na fundi anayeletewa gari wakati huo anakuta kila kitu kizima. Ndipo kontroli boksi inaposingiziwa.

Swali ni waya gani ulikatwa. Kama ni wa stata, rilei mbovu ingekunyima kuwasha tu. Isingeweza kuzima gari linalotembea, maana stata ikishamaliza kazi yake haihusiki tena. Gari lako linazima likiwa mwendoni, kwa hiyo nadhani alikata wa pampu ya mafuta au wa swichi ya injini. Mimi mwenyewe, mteja aking'ang'ania kata moto, nakata wa stata. Mwizi hataondoka, na mwenye gari hataachwa mlimani.

Fungua plastiki ya chini ya usukani. Kabla hujaingiza mkono, chomoa kichwa cha hasi cha betri usubiri dakika mbili tatu, na ukiona nyaya au soketi za rangi ya njano usiziguse wala usizipime kwa mita. Hizo ni za eabegi, na umeme kidogo sana wa mita unaweza kuifyatua usoni mwako. Tafuta rilei: nyaya zake huwa nene kuliko za alamu yenyewe na zinaingia kwenye kifurushi cha nyaya za gari. Ukiipata, rudisha kichwa cha betri, washa injini, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye 30 na nyingine kwenye 87a. Rilei nzima itakuonyesha karibu na sifuri, chini ya volti 0.1. Ukiona 0.4 au 0.5, moto unapotelea humo humo. Ukiigusa baada ya safari ya nusu saa ikakuunguza, hata mita huihitaji.

Ila kwa gari lako mimi ningefanya jambo moja tu: ningeitoa. Unganisha zile ncha mbili za waya wa gari zilivyokuwa kiwandani, kwa risasi ya kuchomea au kwa kibanio kizuri, uvalishe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Alamu itaendelea kulia kama kawaida, ila haitakuwa na uwezo wa kuzima injini. Tembea wiki nzima. Likiacha kuzima, umemaliza. Likiendelea, hapo tutafikiria sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, ambayo nayo ikichoka huwa na tabia hiyo hiyo ya kufa ikipata joto. Sitaki uinunue kabla hujaitoa rilei.

Tuje kwenye betri. Hebu tupige hesabu kidogo. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 60. Gari lililozimwa lina vitu vichache vinavyokesha, saa, kumbukumbu ya redio, alamu, na vyote kwa pamoja havitakiwi kuzidi ampea 0.05. Tuseme 0.03: kwa saa 60 umekula chini ya ampea-saa 2, na betri ndogo ya ampea-saa 35 haitajua hata kama kuna mtu amegusa. Sasa weka kifaa kimoja kinachokula nusu ampea usiku na mchana. Nusu mara 60 ni 30. Jumatatu asubuhi imebaki tano, na kwa tano stata haizunguki. Na nusu ampea si kitu cha kutisha. Balbu ya taa ya ndani ya gari inaweza kula kiasi hicho bila mtu kushangaa.

Kwa hiyo betri zako hazikuwa mbovu. Zilinyonywa. Ubaya wake ni kwamba betri ya kuwashia gari haipendi kumalizwa hadi chini. Ukiimaliza mara kadhaa, sahani zake zinashika salfeti ngumu na uwezo wake unapungua moja kwa moja, na hapo mbovu inakuwa mbovu kweli. Hii mpya tuiwahi.

Kuna kipimo kisicho na mita ambacho ningeanza nacho. Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, fungua buti uweke kiganja juu ya ampilifaya. Gari limelala usiku kucha, kwa hiyo chuma kile kinatakiwa kiwe baridi kama mlango. Kikiwa vuguvugu, au kitaa chake kidogo kikiwa kinawaka, mnyonyaji umemkamata. Ampilifaya ina waya mwembamba wa rimoti, na kazi yake ni kuambiwa na redio "amka" na "lala". Unatakiwa utoke kwenye waya wa redio wa bluu wenye mstari mweupe. Fundi mvivu haufuati hadi mbele. Anauchomeka kwenye moto wa kudumu ulio karibu, sabufa inapiga, mteja anafurahi, analipa. Ampilifaya haitalala tena maisha yake yote.

Mshukiwa wa pili ni redio. Redio za kununua zina waya wa njano, ambao ni moto wa kudumu wa kulinda kumbukumbu, na mwekundu, ambao ni moto wa swichi: unapata umeme ukizungusha ufunguo hadi ACC na unakatika ukichomoa. Mweusi ni athi. Kwenye soketi ya Toyota nyingi rangi ni nyingine kabisa: moto wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, athi ni kahawia, na kijani ni wa taa za dashibodi. Usitegemee rangi, pima. Lakini zikusaidie kujua pa kutazama.

Niliwahi kuletewa Toyota Noah iliyokula betri tatu. Nikatoa redio, nikakuta njano na mwekundu vimesokotwa pamoja kama mkia wa nguruwe, vyote kwenye moto wa kudumu. Mwenye gari aliomba redio ipige hata bila ufunguo, akafanyiwa alichoomba. Skrini ilizimwa kwa kitufe, ikawa nyeusi, lakini kompyuta ya ndani haikulala hata dakika moja. Redio za Android zina ugonjwa huo kuliko za kawaida, maana ni simu kubwa iliyowekwa kwenye gari. Na hata ikiwa imeunganishwa sawasawa, ingia kwenye mipangilio yake uangalie sehemu ya kulala. Zipo zinazobaki nusu macho kwa siku nzima au zaidi ili ziwake haraka ukirudi. Iamuru izime kabisa. Utasubiri sekunde thelathini iwake. Zitumie kufunga mkanda.

(Nikuulize, uliitoa ile ya asili kwa sababu ya stesheni, sivyo? Redio za Japani za umri wa gari lako zinakamata FM kutoka 76 hadi 90, na sisi stesheni zetu nyingi ziko juu ya 90. Ndiyo maana IST, Raum na Vitz karibu zote zinapitia mikononi mwa fundi redio mwezi wa kwanza tu baada ya kushuka bandarini. Nyaya za gari linalotoka Japani karibu kila mara zinakatwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya taarifa ya habari.)

Kama kiganja na mipangilio havikumaliza kesi, pima. Nunua mita ya kidijitali, hata ile ya bei nafuu inatosha, mradi ina tundu la ampea 10. Chaji betri kwanza. Zima gari, chomoa ufunguo, fungua boneti. Fungua mlango wa dereva halafu sukuma kitasa chake cha kufungia kwa bisibisi hadi kilie ta, ta. Gari litadhani mlango umefungwa, na wewe utafikia boksi la fyuzi bila kuliamsha. Ukimaliza kazi usisahau kukiachia kabla hujaubamiza mlango, maana utavunja kitasa. Waya mwekundu wa mita uhamishie tundu la ampea 10. Legeza kichwa cha hasi kwa spana namba 10, lakini kabla hujakinyanyua, bana ncha moja ya mita kwenye kichwa cha waya na nyingine kwenye nguzo ya betri yenyewe. Kisha nyanyua taratibu, umeme upite kwenye mita bila kukatika. Ukikata na kurudisha, gari linaamka upya na unaanza kusubiri tena.

Hapo kaa mbali nalo nusu saa. Kweli, nusu saa. Mwanzoni utaona ampea 2 au 3 zikishuka kwa vipande kadiri vifaa vinavyolala. Mita ikiwa imeunganishwa hivyo, usiwashe taa na usijaribu kuwasha injini. Mimi nilipokuwa najifunza kazi niliguswa bega, nikageuka, nikafungua mlango huku mita imebana, fyuzi ya ndani ya mita ikaenda. Nilimaliza siku nzima nikiamini gari lote halili umeme hata chembe.

Ikitulia kwenye 0.05 kushuka chini, gari halinyonyi, na tatizo liko kwenye betri au chaji. Ikitulia kwenye 0.3, 0.5, 0.9, anza kuondoa. Na uanze na vilivyoongezwa, usianze na boksi la fyuzi la Toyota: kwanza fyuzi ya ampilifaya iliyo karibu na betri, kisha ya alamu, kisha soketi ya redio nyuma. Kila ukichomoa kimoja tazama mita. Namba ikianguka ghafla, umefika. Ukimaliza vya kuongeza namba haijashuka, ndipo uende kwenye fyuzi za gari moja moja, na ile iliyoandikwa DOME uianze, kwa sababu kwenye Toyota nyingi ndiyo inayobeba moto wa kudumu wa redio na taa ya ndani, na ndiyo mafundi hupenda kuibia.

Alteneta nimeiacha makusudi. Ile njia ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ni ya enzi za magari ambayo hayakuwa na kompyuta hata moja. Betri ndiyo kizuizi cha mawimbi ya umeme kwenye gari. Ukiitoa ghafla alteneta ikiwa inafanya kazi, volti zinaweza kuruka juu mno kwa kufumba na kufumbua, na kontroli boksi, redio na alamu vyote viko kwenye njia hiyo hiyo. Halafu jibu lenyewe halina maana: alteneta nzima nayo inaweza kushindwa kushika gari bila betri. Yaani kipimo hicho kinaweza kuua kifaa kizima na kikakwambia kilikuwa kibovu. Asirudie.

Kipimo cha haki kinachukua dakika tano. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, 12.2 ni nusu; chini ya 12 ni njaa. Washa gari: isome kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa, feni, AC, na sabufa yako ipige. Isishuke chini ya 13.3 hivi. Kisha hamishia mita kwenye volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi, si AC ya ubaridi), ncha zikiwa pale pale kwenye betri: ikizidi 0.3 au 0.5, daiodi za alteneta zimechoka, na daiodi iliyochoka inaweza pia kunyonya betri gari likilala. Ikiwa chini ya 0.1 na hizo namba nyingine ziko sawa, alteneta yako ni nzima, na huo ndio uamuzi wangu mpaka mita iseme vinginevyo.

Ule mlio wa nyiii unaopanda na mafuta watu huuita mlio wa alteneta, na hapo ndipo wengi hushawishika kuibadilisha. Kweli unatoka kwa alteneta, lakini alteneta zote zina mlio huo. Kinachotakiwa ni usiingie kwenye spika. Unaingia pale athi ya ampilifaya na athi ya redio zinapokuwa hazilingani. Athi ikiwa mbovu nyuma, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyopo ni ule waya wa RCA unaoleta muziki. Sasa muziki na uchafu vinasafiri pamoja.

Chomoa RCA kwenye ampilifaya, injini ikiunguruma. Mlio ukibaki, shida ni ampilifaya yenyewe na athi yake. Mlio ukiisha, unakuja kwa njia ya RCA: ama athi ya redio, ama waya wa RCA umelazwa ubavu kwa ubavu na waya mnene wa moto chini ya zulia. Hizo mbili zipite pande tofauti za gari, moja kulia, nyingine kushoto.

Lakini mimi ningeanza na skrubu moja. Fuata waya mweusi mnene wa ampilifaya uone umefungwa wapi. Nimekuta umefungwa kwenye boliti ya kiti, kwenye boliti ya mkanda wa usalama (hiyo isiguswe kabisa), na mara nyingi kwenye skrubu ya athi ya taa za nyuma iliyolegezwa na kukazwa tena juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Fungua, kwangua hadi chuma king'ae kama sarafu, tumia boliti yako yenyewe na pete ya washa yenye meno, kaza, kisha upake grisi juu yake, kwa sababu hewa ya chumvi ya Tanga haitakusamehe chuma kitupu. Waya usizidi nusu mita na uwe mnene sawa na ule wa moto. Ukitaka kujua umefanikiwa, muziki ukiwa juu pima volti za DC kati ya teminali ya athi ya ampilifaya na nguzo ya hasi ya betri, kwa kutumia kipande kirefu cha waya. 0.1 au 0.2 ni salama. Nilishakuta 1.4, na mwenye gari alikuwa njiani kwenda kununua ampilifaya nyingine.

Hilo la skrini kufifia ukikanyaga breki ndilo lililonifurahisha, maana gari lenyewe linakusimulia. Redio inapunguza mwanga wake usiku kwa waya unaosikiliza taa ndogo: taa ndogo zikiwaka, skrini inafifia. Mchana hujawasha taa, lakini ukikanyaga breki skrini inaona kama taa zimewaka. Maana yake moto wa breki unavuja na kuingia kwenye njia ya taa ndogo. Hizo njia mbili zinakutana mahali pamoja tu, kwenye balbu ya nyuma yenye kazi mbili. Balbu ya asili ina nyuzi mbili, ya wati 21 kwa breki na ya wati 5 kwa taa ndogo, na kila moja ina mguu wake. LED za bei rahisi hazitenganishi vizuri: moto unaingia mguu wa breki na kutokea mguu wa taa ndogo. Na kwa kuwa taa ndogo zako nazo nadhani ni LED zisizokula umeme, moto huo mdogo haumezwi na kitu, unafika hadi dashibodi.

Rudisha balbu mbili za asili za nyuma kwa dakika tano. Kufifia kukiisha, LED hizo ni takataka. Kusipoisha, athi ya taa za nyuma imeachia, na hapo turudi kwenye ile skrubu ya buti niliyokwambia; inaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo inayokupa mlio. Kama uliweka LED kwenye indiketa pia na zinapepesa haraka haraka, hiyo ni rilei ya indiketa kudhani balbu imeungua, kwa sababu LED inakula kidogo mno. Watauza vipingamizi vya kudanganyia. Vinapata moto wa kuyeyusha plastiki. Rudisha balbu za asili huko nyuma zote, uishi kwa amani. Za mbele, kama ukiziwasha, stesheni ya redio inapotea na kukoroma, ni vidhibiti vya LED vinavyopiga kelele karibu na antena.

La mwisho ni fyuzi, na hapa sikubembelezi. Waya mnene mwekundu unaotoka betri kwenda nyuma lazima uwe na fyuzi ndani ya sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyo kwenye ampilifaya hailindi waya. Waya unapita chini ya zulia, chini ya viti, ukichubuka na kugusa bodi, betri nzima inamwagikia hapo na zulia linashika moto. Ukubwa wake uufuate uwezo wa waya. Usidanganywe na wati zilizoandikwa juu ya sabufa: kama ampilifaya ina fyuzi mbili za 20, basi ni ampea 40 mara volti 14, yaani wati 560 zinazoingia, na zinazotoka kuwa muziki ni pungufu ya hapo, hata kama boksi limeandikwa 2000. Na ukifungua boksi la fyuzi ukakuta ya bluu ya 15 imebadilishwa na ya kijani ya 30, au imezungushiwa karatasi ya sigara, usiondoke na gari hapo mpaka umerudisha ya asili. Ikikatika, usiongeze. Tafuta kwa nini imekatika.

Betri yako ipeleke ikachajiwe pole pole, ampea 3 au 4 kwa saa kumi hivi. Usitegemee alteneta kuijaza kwa safari ya mjini. Kisha niandikie namba tatu: volti ya asubuhi kabla ya kuwasha, volti injini ikiwaka na sabufa ikipiga, na ampea zilizobaki baada ya ile nusu saa. Na uniambie ampilifaya ilikuwa baridi au vuguvugu.